Kalamu, Sauti na Umri: Namna ya Kuzipima Albamu za Waliokuwa Nyota Utotoni

Wapenzi wa muziki wa Arua na Koboko hupenda kulinganisha albamu za mwimbaji mmoja na kushindana ipi iliyo bora na ipi iliyo dhaifu, na aghalabu hukumu yao huwa ya insafu maadamu mwimbaji huyo aliingia katika fani akiwa mtu mzima; lakini pindi swali linapomhusu yule aliyejulikana na walimwengu akiwa bado mtoto, kisha akabaleghe mbele ya macho yao huku akiendelea kuimba, hukumu hiyo hiyo hupotoka, kwa kuwa wengi humpima mtu mzima kwa mapenzi waliyokuwa nayo kwa mtoto, au humsifu mtoto kwa mema aliyokuja kuyatenda ukubwani. Rai yangu ni kwamba kabla ya kuulizana wimbo upi unapendeza, yatupasa kuuliza, kwa kila albamu, kalamu ilikuwa mkononi mwa nani na mkataba ulikuwa chini ya amri ya nani, kisha tuzisikilize kazi hizo kwa taratibu ya miaka zilimotungwa. Na asiyefanya hivyo, hata akiwa na sikio zuri kiasi gani, atakuwa analinganisha vitu ambavyo havikufanywa na mtu mmoja.

Huko kusikiliza kwa taratibu ya miaka ndiko kugumu kwetu, na sababu zake zimo katika tarikhi ya nchi hii yenyewe. Serikali ya Idi Amin, ambaye nasaba yake ya Kikakwa ni ya Koboko, ilipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia West Nile mwaka uliofuata, watu kwa maelfu walivuka mipaka kwenda Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka mingi, na wengi hawakurejea ila katikati na mwishoni mwa miaka ya 1980. Na miaka hiyo hiyo ya uhamisho ndiyo ile ambayo Michael Jackson, aliye mfano mkubwa kuliko wote wa nyota wa utotoni aliyegeuka mwimbaji wa watu wazima, alitoa Off the Wall mwezi wa Agosti 1979 na Thriller mwezi wa Novemba 1982. Kijana wa Koboko aliyekuwa mkimbizi upande wa Aru au upande wa Yei alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwasikia Franco na Tabu Ley kuliko kumsikia huyo, na alipokuja kumsikia, alimsikia kwa kanda zilizonakiliwa kutoka katika kanda nyingine, baadaye kwa sidii, na siku hizi kwa memori kadi ya simu inayojazwa nyimbo kibandani, ambamo wimbo wa 1972 hukaa ubavuni mwa wimbo wa 1987 pasipo jina la albamu, pasipo mwaka, wala jina la mtunzi. Msikilizaji huyo hana lawama. Lakini amepewa maisha ya mtu yaliyochanganywa kurasa, akaambiwa ahukumu.

Na tuzipange kurasa hizo upya. Michael Jackson alizaliwa mwaka 1958, na wimbo wa kwanza wa Jackson 5 chini ya kampuni ya Motown, I Want You Back, ulitoka mwezi wa Oktoba 1969, naye akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1970 nyimbo nne za ndugu hao zilifuatana kushika nafasi ya kwanza Marekani. Chini ya kampuni hiyo alitoa albamu nne kwa jina lake peke yake: Got to Be There na Ben mwaka 1972, Music & Me mwaka 1973, na Forever, Michael mwaka 1975. Mwenye kuzisikiliza nne hizo kwa mfululizo husikia jambo ambalo hakuna mtayarishaji awezaye kulificha, nalo ni kuvunjika kwa sauti: katika Ben sauti ni ya mtoto, nyembamba, isiyo na woga wala haya, na ikifika Music & Me imekwisha kushuka, inatafuta mahali pa kukaa, na mara nyingine haipati. Watu wengi huidharau Music & Me kwa sababu hiyo. Mimi naiheshimu kuliko Ben, kwa kuwa ndiyo rekodi ya kijana aliyekuwa akipoteza chombo alichokuwa akipendewa, na bado akalazimika kuimba kwa chombo hicho nyimbo walizomchagulia wengine. Kwani katika albamu zote nne hakuna hata wimbo mmoja uliotungwa naye. Ukweli huo ukishafahamika, hukumu juu ya albamu hizo hugeuka kuwa hukumu juu ya watunzi na mabwana wa Motown, na katika sifa na lawama zake fungu la mtoto ni sauti tu.

Ndugu hao walipoiacha Motown mwaka 1975, waliliacha hata jina lao, kwa kuwa jina Jackson 5 lilibaki kuwa mali ya kampuni, na ndugu yao Jermaine akabaki huko, ilhali wao wakaanza upya kwa Epic kama The Jacksons. Na kwa kuwa jambo hili halimo katika nyimbo, wasikilizaji hulipita bila ya kulitazama, nalo ndilo lililofungua mlango. Mwaka 1978, katika albamu ya Destiny, karibu nyimbo zote zilitungwa na ndugu wenyewe, na mwaka mmoja baadaye, siku chache kabla ya kutimiza miaka 21, Michael akatoa Off the Wall pamoja na mtayarishaji Quincy Jones, waliyekutana naye katika filamu ya The Wiz. Humo nyimbo ni 10, na mkono wake umo katika tatu: mbili alizitunga peke yake, na moja kwa ushirika na mpiga gitaa la besi Louis Johnson. Thriller ina nyimbo 9, nne zikiwa zake, nazo ni miongoni mwa zile ambazo dunia nzima inazijua. Bad ya mwaka 1987, katika sidii, ina nyimbo 11, na tisa ni zake. Basi kalamu ilianza mkononi mwa wengine kabisa, ikaja kwa haya, ikashika karibu nusu, mwisho ikatawala.

Lau kama ubora ungekuwa sawa na wingi wa nyimbo alizozitunga mtu mwenyewe, Bad ingekuwa ndiyo taji, nami sioni hivyo. Naona Off the Wall ndiyo albamu bora ya mwimbaji huyu kwa mwenye kuuliza swali letu, swali la mtoto aliyekuwa mtu mzima, kwa sababu humo sauti mbili zimekutana bila ya kugombana: furaha ya yule mtoto wa 1970 imo katika mwito wa sauti ya juu, na huzuni ya mtu mzima imo katika She's Out of My Life, ambao mwishoni mwake mwimbaji anasikika akilia, na kilio hicho kikaachwa katika rekodi. Thriller imekamilika zaidi kwa usanii. Nyimbo saba kati ya tisa ziliingia katika kumi bora za Marekani, albamu ikashika nafasi ya kwanza kwa majuma 37, na hakuna wimbo humo ambao mtu angeuruka, ukiacha The Girl Is Mine, ambao kwangu mimi ni mwepesi mno kwa watu wawili wenye vipaji vikubwa namna ile. Lakini ndani ya Thriller hofu imekwisha kuingia, na katika Bad mwimbaji amejifungia. Anaimba kana kwamba anajibu mashtaka, na wimbo uliowagusa watu kuliko zote, Man in the Mirror, ni mmoja wa zile mbili asizozitunga yeye. Ajabu yake, humo ndimo lugha yetu ilimopita, katika Liberian Girl, ambao unafunguliwa kwa maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ijapokuwa Liberia si nchi ya Waswahili. Na mwaka 1992 mwimbaji mwenyewe alifika Dar es Salaam.

Dangerous ya 1991 ina nguvu ya vyombo kuliko ya nyimbo. HIStory ya 1995 ndiyo inayotuhusu, si kwa sababu ni nzuri kuliko nyingine, bali kwa sababu imejenga swali letu hili katika umbo lake lenyewe: ni sidii mbili, moja ya nyimbo 15 za zamani na ya pili ya nyimbo 15 mpya, na miongoni mwa hizo mpya umo Childhood, ambamo mwenyewe, akikaribia miaka 37, anaulalamikia utoto alioukosa. Wako wanaoucheka wimbo huo kwa kuwa ni wa majonzi kupita kiasi. Mimi siucheki; yeye aliyefanya kazi ya watu wazima tangu miaka 11 hana mahali pengine pa kudai haki yake isipokuwa katika kazi hiyo hiyo.

Asije mtu akadhani kwamba huzuni hiyo ni sharti la kila aliyeanza mapema, na atazame kampuni ile ile ya Motown na mtoto mwingine. Stevie Wonder alirekodiwa jukwaani, na albamu hiyo ikauzwa mwaka 1963 kwa jina la kumtangaza kuwa ni fundi wa ajabu wa miaka 12, nayo ikafika nafasi ya kwanza. Lakini alipotimiza miaka 21, mwezi wa Mei 1971, mkataba wa utotoni ulikoma, na hakusaini mwingine mpaka alipopewa mamlaka juu ya kazi zake. Matokeo yake ni Music of My Mind na Talking Book mwaka 1972, Innervisions mwaka 1973, Fulfillingness' First Finale mwaka 1974, na Songs in the Key of Life mwaka 1976, mfululizo ambao sijui mfano wake katika muziki wa karne ile. Kipaji kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichobadilika mwaka 1971 ni karatasi.

Sasa turudi katika Afrika ya Mashariki, ambako jambo hili lina sura yake na lugha yake, na ambako msikilizaji wa Arua ana fadhila asiyokuwa nayo katika nyimbo za Marekani, kwani maneno huyafahamu mwenyewe, ama kwa Kiswahili cha sokoni, ama kwa kile walichorudi nacho wazee kutoka Zaire, ama kwa kile cha nyumba za Wanubi. Aslay Isihaka wa Temeke, Dar es Salaam, alijulikana mwanzoni mwa miaka ya 2010 akiwa na miaka kumi na kitu, kwa wimbo Naenda Kusema, na jina la wimbo huo ni kauli ya mtoto hasa, kitisho cha mwenye uwezo mmoja tu duniani, uwezo wa kushtaki kwa wakubwa. Alilelewa kisanaa katika kituo cha Mkubwa na Wanawe chini ya Said Fella, akawekwa katika Yamoto Band pamoja na Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso, ambaye leo anaitwa Mbosso, na nyimbo zao kama Niseme, Nitakupwelepweta na Cheza kwa Madoido zilivuma mpaka huku kwetu. Kundi likavunjika, na mwaka 2017 Aslay akaanza kuachia nyimbo moja baada ya moja, Angekuona, Muhudumu, Natamba na nyinginezo, kwa kasi iliyowashangaza hata waliomzoea.

Ukizitazama hatua tatu hizo kama albamu tatu, ijapokuwa hazikufungwa hivyo, utaona hatua za Michael zikijirudia: kwanza mtoto anayesema maneno yanayomfaa mtoto, kisha vijana wanne waliofunzwa kuchanganya sauti mpaka mgeni asijue nani anaimba nini, na hatimaye mtu mmoja ambaye sauti yake, yenye mapindi ya taarabu na uchungu wa uswahilini, haihitaji tena kuchanganywa na ya mtu. Kwangu mimi nyimbo za 2017 ndizo Off the Wall ya Aslay, na naona hasara kubwa kwamba hazikupangwa na kuwekwa pamoja mwaka ule ule kwa jina moja, na wimbo wa kufungulia na wimbo wa kufungia. Kwani kazi iliyotolewa kwa vipande husahauliwa kwa vipande, na wimbo wa mwezi huu huusukuma wa mwezi uliopita kabla watu hawajaushiba. Mbosso, aliyetoka katika nyumba ile ile na kuingia Wasafi mwaka 2018, alipata alichokikosa mwenziwe: albamu kamili, Definition of Love, iliyotoka mwaka 2021. Nikiulizwa nani kati yao mwenye sauti kubwa zaidi, nitasema Aslay pasipo kusita; nikiulizwa kazi ya nani itachambuliwa kwa urahisi miaka 30 ijayo, nitasema Mbosso, na sababu yake ni kule kufungwa pamoja tu.

Jirani zaidi na Arua kwa njia ya masikio ni Innoss'B, mzaliwa wa Goma wa mwaka 1997, aliyeshinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa na miaka 13, fundi wa kupiga ngoma kabla ya kuwa mwimbaji. Kongo haiko mbali nasi hata kidogo: soko la Ariwara ni la watu wa Arua kama lilivyo la watu wa Ituri, na Lobule, wilayani Koboko, wanakaa wakimbizi wa Kongo. Yo Pe yake ya mwaka 2019, ambayo Diamond Platnumz aliingia katika toleo lake la pili mwaka huo huo, ndiyo iliyomtoa katika daraja la mtoto mshindi, na napenda wasikilizaji waangalie miaka tisa iliyopita katikati. Miaka hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ya kushindwa. Mimi naiona kuwa ni miaka ya mwili na sauti kumaliza kazi yao; na katika Yo Pe ukisikiliza chini ya maneno, kinachouchukua wimbo ni mpigo, kitu alichokuwa nacho tangu utotoni na ambacho kubaleghe hakukumnyang'anya. Mtoto mwenye chombo mkononi ana akiba ambayo mtoto mwenye sauti peke yake hana.

Binti wa West Nile mwenye sifa kubwa katika muziki wa Uganda, Jackie Chandiru, hakuwa mtoto alipoanza, lakini mfano wake unafaa kwa kuwa alichaguliwa kama watoto wanavyochaguliwa: shindano la Coca-Cola Popstars la mwaka 2004 ndilo lililomkutanisha na Lilian Mbabazi na Cinderella Sanyu wakawa Blu*3, kundi lililopewa umbo na waamuzi kabla wenyewe hawajajuana vyema. Albamu yao ya kwanza, Hitaji, ina adabu ya wanafunzi waliopasi mtihani. Kundi lilipokwisha, na Jackie akaimba peke yake, alisikika mtu ambaye ndani ya kundi alikuwa theluthi tu, mwenye ukali na mzaha ambao sauti tatu zilizopatanishwa haziwezi kuuchukua. Ndiyo maana nasema ya kwamba umri si sababu pekee. Mtu mzima aliyeundwa na wengine naye hana budi kupita njia ile ile ya kujitoa.

Serikali nayo imewahi kuingia katika swali hili. Mwaka 2019, Fresh Kid, mtoto wa miaka 7 aliyevuma Uganda nzima kwa wimbo Bambi, alizua mjadala mzito pale Florence Nakiwala Kiyingi, Waziri wa Nchi wa Vijana na Watoto, alipotaka aache jukwaa arudi darasani. Wengi walimlaumu waziri kwa kuifunga riziki ya maskini. Nadhani alikuwa na haki katika asili ya jambo, lakini darasa peke yake halikuwa jawabu, kwa sababu liliacha pembeni mkataba na mapato. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 34, inawakinga watoto na unyonyaji wa kijamii na wa kiuchumi, na inasema wazi kwamba kwa jambo hilo mtoto ni yule asiyefikia miaka 16. Tazameni basi miaka hiyo inaangukia wapi katika maisha ya mwimbaji wa kiume: kinga inamwacha pale pale sauti ya utotoni imekwisha kuondoka na ya utu uzima haijatulia, wakati kazi yake ya pili, ile iliyo ngumu kuliko zote, inapotakiwa, na meneja anapoanza kuhesabu hasara.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wenye uwezo huku kwetu. Watangazaji wa Radio Pacis na Arua One mjini Arua, na wa Spirit FM huko Koboko, wangetenga saa moja ya Jumapili kuzipiga kazi za mwimbaji mmoja kwa taratibu ya miaka yake, wakitaja kabla ya kila wimbo mwaka uliotoka na jina la aliyeutunga, wakianza na Ben na kwenda hadi Bad, kisha wakaanza na Naenda Kusema na kwenda hadi Natamba, ili wasikilizaji wasikie wenyewe mahali sauti inapovunjika na mahali kalamu inapohama mkono. Na wazazi wa watoto wanaopelekwa sasa hivi katika studio za Arua wasitie saini karatasi yoyote isiyokuwa na sharti kwamba mkataba utakoma siku mtoto atakapotimiza miaka 18, kwamba hesabu za nyimbo zote za utotoni zitawekwa mezani siku hiyo, kwamba jina la jukwaani litakuwa mali yake na si ya meneja, na kwamba mkataba mpya, kama utakuwepo, atausaini yeye mwenyewe.